Kuku wa Mjomba Zénon

Alby, 21 Januari 2024

Mjomba wangu Bonaventure,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiwa nimevaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba, ndiyo ujue huku Uswidi kukoje. Theluji imefika madirishani na mama anasema Mungu amesahau kuzima friji. Goti lake bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima. Gaëlle amekuwa mrefu kuliko mimi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na nikimgombeza ananijibu Kiswidi cha haraka zaidi. Mimi bado naendesha basi la Tumba. Nyumbani kwako je? Mke wako kifua kimepoa? Mbuzi yule mkorofi bado anakula nguo za majirani?

Barua hii anaibeba Clovis wa kanisani kwetu, anakwenda Bujumbura harusini, atampa mtu wa kuvuka mpaka. Najua simu huzitaki, nami sikulaumu, maana hapo vizuizini wanazifungua na kusoma.

Sasa neno lenyewe. Kuna mpiga piano hapa, anaitwa Axel, alinisikia nikiimba kwenye misa ya Krismasi. Anaandaa jioni ya kabaree, tarehe 25 Mei, katika ukumbi mdogo wa chini ya ardhi huku mjini. Kabaree ni hivi: watu wanakaa mezani, wanakunywa, na mwimbaji anawaimbia mzaha wa kuwacheka wakubwa. Jioni hiyo ni ya kumkumbuka Julius Perlmann, Myahudi mmoja mtunzi wa nyimbo. Zamani, wakati Wayahudi wanawindwa, yeye aliwaimba wawindaji mpaka watu wakaanguka vitini kwa kicheko. Walimfungia ukumbi, wakachoma karatasi zake. Akakimbia, akafika mpakani, akarudishwa. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Nitaimba wimbo wake wa fundi cherehani anayewashonea wakubwa mifuko mikubwa kuliko suruali. Halafu Axel anataka kila mwimbaji alete wimbo mmoja wa kwao, wa mtu aliyenyamazishwa. Mjomba, mimi ninaye nani mwingine? Nataka kuimba ule aliotunga Mjomba Zénon kabla hajapotea, Mkubwa Ana Njaa. Ubeti wa kwanza na wa pili ninao. Wa tatu, ule wa mkubwa kula mpaka kamba ya mbuzi, umenipotea. Wewe ulikuwa ukimpigia ngoma, unaujua. Niandikie, na unipe ruhusa.

Mpwa wako,
Annick


Uvira, 2 Machi 2024

Mpwa wangu Annick, mama yangu mdogo,

Barua yako imefika ikinuka unga wa muhogo, maana aliyeivusha aliificha humo. Tunamshukuru Mungu, tunapumua. Mke wangu kifua kinakwenda na kurudi. Mbuzi tulimla Krismasi, na jirani zetu wote walikuja kula nguo zao.

Shida yetu ni ziwa. Limepanda mwaka huu kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe. Nyumba za chini zimeingia maji na watu wanapika juu ya meza. Shamba langu la muhogo kule Kavimvira maji yako pembeni yake. Ndugu wanasema niliuze kabla halijawa la samaki. Siliuzi. Nimejaza mchanga kwenye magunia na kuyapanga kona ya juu, kwenye ule mparachichi, na nitaendelea kuyapanga. Mgongo unauma. Wananiambia nina wazimu, kulinda mparachichi usiozaa. Waache waseme.

Mwambie dada yangu Dorothée goti alikande kwa maji ya chumvi, na asibishane nalo.

Unakumbuka msiba wa babu Ludovic, mjomba wetu sisi? Ulikuwa mdogo. Kati yetu wapwa, Zénon ndiye aliyepewa kazi ya kumtania marehemu. Watu wamelia siku tatu, macho yamevimba, akasimama mbele ya kaburi akamwambia marehemu: Ludovic, umeacha chupa nusu, kweli safari hii ulikuwa mgonjwa. Mama yangu, kama dada wa marehemu, akajibu inavyotakiwa: Mwache kaka yangu! Watu wakacheka huku wanalia, na kilio kikafungwa siku ile. Ndipo mwenye msiba akamkabidhi kuku wake mkononi. Kuku wa mpwa. Hutolewa na mwenye msiba peke yake, na akimtoa amekiri mbele ya watu kwamba mtu wetu amekufa na tumemaliza kumlilia.

Ninakukumbusha kwa sababu mzaha wa mpwa juu ya mjomba wake hauimbwi ovyo. Zénon alitoka. Siku ile alitoka na gitaa lake, hakurudi. Mtu aliyetoka haimbiwi, anangojwa. Mimi sina msiba, kwa hiyo sina kuku.

Kuhusu wimbo, hapana. Ubeti wa tatu nimeusahau.

Mjomba wako,
Bonaventure


Alby, 24 Machi 2024

Mjomba,

Nakusalimu. Mama anakusalimu. Theluji imeyeyuka, tope limebaki, na Gaëlle amefaulu mtihani wa hesabu. Mke wako nimempatia dawa ya kifua, iko kwenye mfuko wa dada anayekuletea barua hii.

Sasa niruhusu nikasirike kidogo, kwa heshima. Hujausahau ubeti wa tatu. Wewe unayekumbuka chupa ya babu Ludovic!

Mwenyeji wa jioni hiyo ni mama mmoja mzee, Margit, babu yake ndiye alikuwa mdogo wake Perlmann. Juzi baada ya mazoezi tulikunywa kahawa, akanieleza desturi yao. Kumbe nao wanakaa matanga. Siku saba, kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa, majirani wanaleta chakula. Nikamwambia, mama, hapo hatuna tofauti. Nikamuuliza kwa Perlmann mlikaa lini? Akageuza kikombe. Akasema hatukukaa. Babu yake hakutaka kusema neno amekufa. Kila mwaka alisema Julius yuko njiani. Akazeeka nalo, akafa nalo, na nyumba nzima ikakua inatembea kwa vidole kama kuna mtu amelala chumba cha pili. Margit ana miaka themanini na moja ndiyo kwanza anampangia mtu wake kilio.

Nikarudi kwenye treni nikimfikiria mama. Tangu Mjomba Zénon apotee, Gaëlle akiwa mgongoni kwangu, mama hajakanyaga harusi. Anavaa kile kitenge chake cheusi mpaka Wakongomani wa hapa wanadhani hana kingine. Redio ikipiga gitaa anaizima. Hajaruhusiwa kulia wala hajaruhusiwa kuacha.

Nilipofika nikawaeleza mezani. Gaëlle akainua uso kutoka kwenye simu, akasema kwa Kiswidi chake, taratibu kabisa, Men mamma, han är ju död. Yaani, mama, si alishakufa. Mama anakielewa Kiswidi kuliko anavyojidai. Aliinuka, akaacha wali, akajifungia chumbani, na goti lake lile.

Mtoto amesema kilichotushinda sisi wote. Wimbo nimeshaufanyia mazoezi kwa beti mbili, na waliokuwepo walisimama wakapiga makofi. Nitauimba, Mjomba. Nikose ubeti wa tatu, lakini nitauimba.

Annick


Uvira, 19 Aprili 2024

Annick,

Video yako imefika hapa. Unaimba, mzungu anapiga piano, umevaa sweta ya kijani. Mkubwa Ana Njaa, beti mbili. Ilizunguka mitaa yote hii kwa siku moja.

Jumanne walikuja watu wake watatu. Unajua wa nani. Yule wa wimbo bado yuko, na sasa amepanda cheo. Walikaa uani kwangu wakaomba maji. Nikawapa. Mmoja akasema, mpwa wako ana sauti nzuri. Mwingine akasema, familia yenu ina vipaji. Wakauliza kama kuna ubeti mwingine. Nikasema sijui. Wakashukuru kwa maji.

Jumatano wamepita tena. Hawakuingia.

Usiandike jina la mtu yeyote wa huku kwenye barua.

B.


Alby, 5 Mei 2024

Mjomba wangu, baba yangu,

Barua yako haikuwa na salamu. Maisha yangu yote hujawahi kuniandikia bila kuuliza goti la mama. Niliisoma nikiwa nimesimama kituoni, abiria wananigongea kioo, nikashindwa kuwasha basi.

Aliyepiga video ni dada mmoja wa kwaya yetu, alinisindikiza mazoezini. Akaiweka kwenye kundi la kanisa, akaandika chini yake Binti yetu anang'ara. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyo, kitu kizuri hakikai saa moja bila kumtumia shangazi. Nilimfokea mpaka akalia, kisha nikalia mimi, kwa sababu ni mimi niliyemwalika. Amefuta, lakini unafuta nini na kitu kiko kwenye simu elfu?

Mama haongei nami. Ananipakulia chakula na kugeuka.

Nimekwenda kwa Axel nikamwambia ule wimbo siuimbi tena, wala hapo, wala bafuni. Hakubisha. Margit naye akanishika mkono akasema, barua ya mwisho aliyoandikiwa Julius ilitoka kwa mdogo wake, babu yangu, akimwomba anyamaze. Sikumuuliza kama alinyamaza. Sikutaka kujua.

Ninaogopa, Mjomba. Nakuomba utoke hapo. Vuka, nenda Bujumbura kwa shemeji zako, nauli tutatafuta. Na ninakuuliza swali moja nililoliogopa tangu Gaëlle akiwa mgongoni. Magunia yale unayoyapanga. Muhogo unaota popote. Mparachichi ule hauzai, umesema mwenyewe. Unalinda nini pale chini, Mjomba?

Usiponijibu nitaelewa pia.

Annick


Alby, 9 Juni 2024

Mjomba,

Hujajibu. Mwezi umepita na simu ya jirani yako haipatikani. Naandika hata hivyo, na barua itakaa kwa mtu Bujumbura mpaka ijulikane uliko. Natumaini mko hai, kifua na wote. Goti la mama ni zima, nitakueleza sababu.

Jioni ilifanyika. Mlangoni Axel aliweka kapu, kila mtu akaacha simu yake humo, hakuna aliyeingia nayo. Meza ndogondogo, mishumaa, watu kama sitini. Kiti cha mbele kabisa kilikuwa kitupu, kina kofia ya Perlmann, si yake ya kweli, walinunua sokoni. Niliimba fundi cherehani, wakacheka mpaka mzee mmoja akavua miwani. Huyo Perlmann alijua kumkuna mtu.

Ikaja zamu ya wimbo wa kwetu. Nilikuwa nimepanga kuimba wimbo wa kanisa, nishuke, niende zangu. Nikamwona mama. Alikuwa amekataa kuja, amesema kabisa. Sasa yuko nyuma karibu na mlango, kitenge chake cheusi, Gaëlle amemshika mkono. Gaëlle ndiye aliyemleta, bila kuniambia.

Mjomba, nilisimama pale nikaona kitu. Yule mkubwa ana haki gani ya kuwa ndani ya kilio chetu? Nikimwimba yeye, anakuja uani kwako. Nisipoimba kabisa, Zénon anabaki njiani miaka mingine. Lakini mimi ni mpwa. Mpwa hamdhihaki muuaji, anamdhihaki mjomba wake. Wimbo huo hauna jina la mtu mwingine ndani yake, na hakuna askari duniani wa kuulaumu.

Nikamwambia Axel apige polepole tu, anifuate. Nikaanza kwa Kiswahili, wala sikutafsiri.

Nikasema, Zénon wewe, gitaa lako lilikuwa na nyuzi nne, wa tano uliuahidi mpaka tukachoka. Zénon, ulikuwa husaidii kupika, unasifia harufu tu, na bado ulikula kuliko mpishi. Zénon, kichwa chako kilikuwa kikubwa, kofia zilikuwa zinakukimbia. Meza moja ya Watanzania na Warundi wakaanza kucheka, wengine wakacheka kwa kuwafuata wao. Nikasema la mwisho, sikuwa nimelipanga. Zénon, wewe ulichelewa kila mahali. Ulichelewa ubatizo wako, ulichelewa harusi yako, padri akala chakula cha wageni. Kufa tu ndiko ulikowahi. Nani alikutuma uwahi?

Watanzania wakaweka glasi mezani. Nikadhani nimeharibu. Basi nikasikia sauti kutoka mlangoni, kubwa, ile ya sokoni ya zamani.

Mwache kaka yangu!

Mama alikuwa amesimama. Akasema tena, Mwache kaka yangu, mchokozi wewe! Analia na anacheka, kamasi na machozi, hajifuti. Margit hakuelewa hata neno, lakini aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akageukia ile kofia, akajaribu kuyasema maneno hayohayo kwa mdomo wake mgumu. Mwashe kaka yangu. Watu wote wakasimama wakayasema, Mjomba, Waswidi kwa Warundi, hawajui wanachosema, na walikuwa wanakisema sawasawa.

Mama alilia kwenye treni mpaka Alby. Alilia asubuhi, alilia jikoni. Siku ya tatu akaoga, akavaa gauni la njano ambalo sikujua analo, akauliza kama kuna harusi mwezi huu.

Kwa hiyo mimi kazi yangu nimeifanya. Iliyobaki ni ya mwenye msiba, naye ni wewe. Sikulazimishi. Niambie tu kwamba uko hai.

Mpwa wako,
Annick


Bujumbura, 28 Agosti 2024

Mpwa wangu Annick, mama yangu mdogo,

Salamu kwako, kwa Dorothée na goti lake, kwa Gaëlle mwenye mdomo usiozunguka. Niko hai. Nilivuka mwezi wa sita na mke wangu, tuko kwa shemeji, chumba kimoja, mvua inatuheshimu. Nyumba ya Uvira wameingia wengine. Sikulaumu. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika wiki nyingi na barua yako nikaiacha kwenye kapu la vitunguu bila kuifungua. Mke wangu ndiye aliyenisomea. Alipofika kwenye padri kula chakula cha wageni nilicheka, na baada ya kucheka sikuweza kuacha kulia, shemeji akadhani nimepata habari za kifo. Nikamwambia ndiyo, nimepata.

Uliniuliza ninalinda nini pale chini. Nilikuwa namlinda yeye. Walimwacha barabarani karibu na shamba langu, kama mtu anavyoacha mzigo, na wakasema atakayemlilia atamfuata. Nilimzika mchana, kwenye mvua kubwa, watu wote wamejifungia. Peke yangu. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyelia, hata msalaba sikuweka, nilipanda mparachichi. Nikarudi nyumbani nikawaambia wote ametoka. Mke wangu hakujua. Nilijua nikilisema mara moja litasambaa, na nyinyi bado mlikuwa kule Uvira, wewe na mama yako na mtoto mgongoni. Baadaye mlikuwa mbali na salama, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea.

Maji yalifika kabla sijavuka. Magunia yalishika siku mbili. Nilisimama maji yakinifika magotini, nikaona magunia hayashiki tena, nikamwambia basi, kaka, pokea wageni. Siku hizi mawimbi yanapiga pale mchana kutwa. Alipenda kelele, hatalalamika.

Ubeti wa tatu sikuusahau. Nitakuimbia mdomoni, sitauandika.

Mpakani waliifungua mizigo yetu yote. Sufuria, godoro, Biblia. Askari akauliza, mzee, unahama nchi nzima halafu unabeba kuku? Nikamwambia huyu si wangu, nampelekea mwenyewe. Nilimnunua siku ile magunia yaliposhindwa, hasira na wewe ikiwa bado. Akamshika, akampima uzito, akataka kumbakiza. Nikakataa. Mimi niliyewapa maji wale watatu bila kubisha, siku hiyo nilikataa, mke wangu akashika kichwa. Yule askari akacheka, akamrudisha.

Ni mweupe, ana kishungi, na ana kelele zisizo na adabu. Nimemfunga mguu hapa barazani. Ukiona mtu yeyote anakuja Ulaya na kuku, si wangu, maana kuku wa mpwa hapelekwi, hukabidhiwa mkononi. Njoo na mama yako. Shemeji, majirani, wote nimeshawaambia, wataketi matanga.

Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba sina msiba, na sina kuku.

Kuku ninaye.

Mjomba wako,
Bonaventure